Mchezaji Mgeni Anapokwama: Dalili na Vyanzo vya Matatizo ya Mwanzo katika Michezo ya Njozi ya Mtandaoni

Mchezaji mgeni katika mchezo wa njozi wa mtandaoni, uwe World of Warcraft, Old School RuneScape au Final Fantasy XIV, huwa na dawa moja kwa kila ugonjwa, nayo ni kupandisha kiwango. Akiuawa na mbwamwitu anasema kiwango chake ni kidogo, akikosa shabaha anasema vivyo hivyo, na hata akikosa nyara analaumu kiwango. Saa nyingi hupotea namna hiyo, kwa maana matatizo mengi ya siku za mwanzo hayatokani na kiwango. Chanzo huwa kwenye mashine, kwenye mtandao, kwenye kifaa kilichobaki mfukoni bila kuvaliwa, au kwenye sheria ambayo mchezo uliitaja mara moja tu ukaendelea na mambo mengine. Mwongozo huu unaanza na dalili inayoonekana kwenye skrini, kisha unakitafuta chanzo chake, ukitanguliza vyanzo vilivyo rahisi kuthibitisha.

Mchezo unakwamakwama au unachelewa kuitikia

Kwanza tenganisha mashine na mtandao, kwa sababu tiba ya kimoja haisaidii kingine hata kidogo. Simamisha mhusika wako mjini, mahali penye wachezaji wengi, kisha uzungushe kamera taratibu. Mzunguko wa kamera hukokotolewa na kompyuta yako yenyewe bila kuiuliza seva, yaani kompyuta ya kampuni inayoendesha mchezo. Kamera ikizunguka kwa kukatika, mashine imelemewa. Ikizunguka vizuri huku wahusika wengine wakikimbia palepale bila kusogea, au madubwana yakiganda kwa muda kisha yakatokea ghafla mahali pengine, tatizo liko kwenye mtandao.

Ikiwa ni mashine, fungua mipangilio ya picha na upunguze vivuli, umbali wa kuona na idadi ya wahusika wanaoonyeshwa kwa wakati mmoja kabla hujagusa ukali wa picha wenyewe, kwa kuwa hayo matatu hula nguvu nyingi na kuyapunguza hakuuharibu sana uzuri wa mchezo. Kwenye kompyuta ya mkononi, hakikisha kwamba chaja imechomekwa na kwamba hali ya kuokoa betri imezimwa, kisha uangalie kama mchezo unatumia kadi ya picha yenyewe badala ya ile ndogo iliyomo ndani ya prosesa. Mchezo unaoanza vizuri na kuzorota baada ya nusu saa hivi huashiria joto, na hapo mipangilio haitoshi: safisha matundu ya hewa na uiweke kompyuta juu ya meza, si juu ya kitanda.

Ikiwa ni mtandao, tafuta kipimo cha pingi, yaani muda ambao ujumbe huchukua kwenda kwenye seva na kurudi, ambacho michezo mingi huweza kukionyesha pembeni mwa skrini kwa milisekunde. Chini ya 100 ni nadra mgeni kuona tofauti. Kuanzia 200 kwenda juu ucheleweshaji huonekana wazi. Hata hivyo, pingi inayopandashuka ni mbaya zaidi kuliko pingi kubwa iliyotulia. Mtu mwenye 180 zisizobadilika huizoea na kucheza vizuri, ilhali mwenye 60 zinazoruka hadi 600 kila baada ya dakika chache atakufa mara nyingi bila kujua kilichomuua. Tumia waya badala ya Wi-Fi inapowezekana, simamisha upakuaji mwingine unaopita kwenye laini hiyohiyo, na uchague seva ya eneo lililo karibu nawe. Wengi hukimbilia kununua kifurushi chenye kasi zaidi, jambo ambalo kwa kawaida halisaidii, kwa sababu mchezo ukishapakuliwa hutumia data kidogo sana. Unachohitaji ni njia tulivu.

Kuna dalili moja inayofanana na ya mtandao lakini si yake. Katika Final Fantasy XIV, ardhi hupakwa rangi ya chungwa pale shambulizi litakapoangukia, na wageni hulalamika kwamba walitoka ndani ya alama hiyo mapema na bado wakaumia. Seva huamua nani ameguswa pale mstari wa maandalizi ya shambulizi unapojaa, wala haisubiri moto uonekane ukilipuka. Ukitoka baada ya mstari kujaa umechelewa, hata kama macho yako yanakuambia vingine. Kanuni hiyohiyo huwafaidi waliokwisha kuizoea: mstari ukishajaa na alama ikatoweka, unaweza kurudi mahali pale na kuendelea kupiga huku moto ukiwaka miguuni bila kukudhuru.

Unakufa kila unapotoka mjini

Anza na mfuko wako. Michezo hii hutofautisha kubeba kifaa na kukivaa, na ngao iliyomo mfukoni haikingi chochote. Katika Old School RuneScape hata mishale sharti iwekwe mahali pake pa kuvaliwa. Ukiushika upinde na kuiacha mishale kwenye mfuko, hutarusha hata mmoja. Fungua ukurasa wa mavazi ya mhusika na utazame kama kuna nafasi iliyo wazi. Ni ukaguzi wa muda mfupi mno, na unatatua vifo vingi kuliko mtu anavyotarajia.

Baada ya hapo tazama rangi ya namba ya kiwango cha adui. World of Warcraft hupaka namba za viwango vya madubwana rangi kulingana na tofauti iliyopo kati yake na wewe: kijivu ni dhaifu kiasi kwamba halikupi uzoefu wowote (alama zinazopandisha kiwango), kijani ni rahisi, njano linalingana nawe, chungwa ni gumu, na jekundu litakumaliza. Mgeni anayepita njia ya mkato kuelekea mji alioambiwa mara nyingi huingia eneo la namba nyekundu bila kujua, kwa kuwa mpaka wa eneo hauna ukuta. Hapo ndipo kiwango ni chanzo kweli, lakini tiba yake ni kurudi ulikotoka na kufanya misheni za eneo lako, si kujaribu tena na tena kwa matumaini.

Sababu ya tatu ni idadi. Dubwana moja la kiwango chako ni pambano la haki. Mawili ni hatari. Matatu ni kifo kwa wahusika walio wengi katika viwango vya chini. Kila dubwana lina umbali ambao ukiuingia litakushambulia, na mengine huita wenzao walio jirani. Kwa hiyo usilifuate kambini kwake. Lipige kutoka mbali, rudi nyuma hatua kadhaa, na upigane mahali ulipokwisha kusafisha. Pambano likiharibika, kimbia mapema, afya yako ikiwa bado nusu, kwa sababu katika michezo mingi dubwana likivutwa mbali na makao yake huacha kukufuata na kurudi. Anayekimbia akiwa amebakiwa na afya kidogo kabisa huwa amechelewa.

Wachezaji wa World of Warcraft Classic, toleo linalofuata sheria za zamani za mchezo huo, wana chanzo chao cha pekee ambacho toleo jipya limekiondoa. Humo, uwezo mpya haujileti wenyewe unapopanda kiwango. Inakupasa umrudie mwalimu wa taaluma yako, kwa kawaida kila baada ya viwango viwili, na kumlipa dhahabu akufundishe. Mchawi wa kiwango cha kumi anayetumia mipira ya moto ya kiwango cha kwanza hana udhaifu wowote isipokuwa kwamba hajakwenda shule. Pia kumbuka kuketi, kula na kunywa kati ya mapambano ili afya na nguvu za kichawi zirudi. Wageni huona huko ni kupoteza muda, kisha wanatumia dakika nyingi zaidi wakitembea kama mizimu kuitafuta maiti yao.

Katika Old School RuneScape, dubwana lenye tabia ya kushambulia kwa kawaida hukuacha likiona kiwango chako cha mapigano kimezidi mara mbili ya chake, na hata kabla ya hapo, ukikaa eneo moja kwa dakika 10 hivi madubwana mengi huacha kukuanza. Ukijua hilo utapanga safari zako kwa utulivu zaidi.

Unapiga lakini mapigo hayapati

Chanzo hutofautiana sana kati ya mchezo mmoja na mwingine, kwa hiyo ushauri wa jumla haufai hapa. Katika World of Warcraft Classic kila aina ya silaha ina ustadi wake, na kikomo cha ustadi huo ni kiwango chako mara tano. Mtu wa kiwango cha 20 anaweza kuwa na ustadi 100 wa upanga. Akiokota shoka zuri ambalo hajawahi kulitumia, ustadi wake wa shoka huanzia 1, na atakosa shabaha mfululizo ingawa takwimu za shoka ni bora kuliko za upanga. Lizoeze kwanza kwa madubwana dhaifu.

Katika Old School RuneScape tazama pembetatu ya mapigano: silaha za mkononi huwashinda wapiga mishale, mishale huwashinda wachawi, na uchawi huwashinda wavaao vyuma. Mgeni anayechagua uchawi huku akiwa amevaa deraya ya chuma mwili mzima anajiumiza mwenyewe, kwa maana chuma hupunguza usahihi wa uchawi wake. Vua chuma, vaa joho, na utaona tofauti pambano lilelile.

Kitu cha misheni hakipatikani

Hili ndilo lalamiko linalowakatisha tamaa watu wengi zaidi, na lina vyanzo vingi vinavyofanana kwa nje. Unaambiwa ulete manyoya kumi ya mbwamwitu. Unaua mbwamwitu ishirini. Unapata manyoya mawili.

Hakikisha kwamba misheni umeikubali. Inasikika kama dharau kulisema, lakini kuzungumza na mtoa misheni na kufunga dirisha bila kubofya kitufe cha kukubali ni jambo la kila siku, na vitu vingi vya misheni havidondoki kabisa mpaka misheni iwe kwenye orodha yako. Kisha soma jina la mnyama herufi kwa herufi. Mbwamwitu mchanga, mbwamwitu mzee na mbwamwitu wa msituni wanaweza kuwa na umbo lilelile na kuishi bonde moja, huku mmoja tu kati yao akiwa na manyoya unayoyatafuta. Angalia pia kama mfuko umejaa, kwa kuwa nyara isiyo na nafasi hubaki juu ya maiti.

Kama mnacheza wengi mahali pamoja, chunguza ni nani aliyepiga kwanza. Katika World of Warcraft Classic dubwana ni la aliyeligusa mwanzo, na mstari wa jina lake huwa wa kijivu kwa wengine wote. Unaweza kulimaliza wewe na usipate nyara wala uzoefu. Tiba ni kumwomba yule mwingine mjiunge kundi moja, jambo ambalo wengi hulikubali kwa sababu linawafaa wote.

Ikiwa hayo yote ni sawa, kilichobaki ni nasibu, na hapa hesabu husaidia kutuliza moyo. Chukua kitu chenye nafasi moja kati ya 50. Wengi huamini kwamba wakiua madubwana 50 watakipata. Ukweli ni kwamba baada ya madubwana 50, wachezaji wapatao 36 katika kila 100 watakuwa bado hawajakiona, na baada ya 100 bado watabaki kama 13. Nasibu haina kumbukumbu ya uliyoyaua jana. Kila dubwana jipya linaanza na nafasi ileile ya moja kati ya 50. Kwa hiyo mfululizo mrefu wa mikono mitupu si ushahidi kwamba mchezo umeharibika. Ukichoka, fanya misheni nyingine inayopita bonde hilohilo na uendelee kuua mbwamwitu njiani.

Kiwango hakipandi, au kinachopanda si kile unachokitaka

Katika Old School RuneScape mtindo wa kupiga unaouchagua kwenye paneli ya mapigano ndio unaoamua ni stadi ipi inapata uzoefu. Mtindo wa usahihi hukuza shambulizi, wa ukali hukuza nguvu, na wa kujihami hukuza ulinzi. Anayelalamika kwamba ameua majitu siku nzima na nguvu zake zimebaki palepale hajawahi kuigusa paneli hiyo. Tena, usitumie namba ya kiwango kupima umbali uliobaki: kufikia kiwango cha 99 kunahitaji uzoefu 13,034,431, na anayefika 92 amekusanya takriban nusu tu ya hesabu hiyo. Viwango vya mwanzo hupita haraka mno na kumdanganya mgeni kuhusu vinavyofuata.

World of Warcraft ina kanuni inayompendelea asiyecheza kila saa. Ukitoka kwenye mchezo mhusika akiwa ndani ya nyumba ya wageni au mjini, hujikusanyia pumziko, na ukirudi madubwana hukupa uzoefu maradufu mpaka pumziko hilo liishe. Anayezima mchezo akiwa katikati ya msitu hujinyima sehemu kubwa ya faida hiyo.

Final Fantasy XIV ni habari tofauti. Humo karibu kila mlango hufunguliwa na hadithi kuu: mapango ya makundi, maeneo mapya, hata ndege wa kupanda, ambaye hupatikana kupitia hadithi hiyo mhusika anapokuwa na kiwango cha 20. Mgeni anayekusanya kila misheni ndogo anayoiona hupanda kiwango na bado akakuta milango imefungwa. Fuata alama ya hadithi kuu, ambayo ni tofauti na alama za misheni za kawaida, na uziache misheni ndogo isipokuwa zile zenye alama ya kujumlisha, kwa kuwa hizo ndizo zinazofungua uwezo au maeneo.

Humwoni rafiki aliyekualika

Mara nyingi mmechagua seva tofauti. Linganisheni jina au namba ya seva kabla ya kuunda wahusika, kwani katika michezo kadhaa kuhama baadaye hulipiwa. Kama seva ni moja na mmesimama mahali pamoja bila kuonana, huenda mchezo umeligawa eneo katika nakala kadhaa kwa sababu ya wingi wa watu. Kujiunga kundi moja kwa kawaida huwaleta pamoja. Katika World of Warcraft Classic tazameni pia mko upande gani, kwa maana Alliance na Horde hawawezi kuunda kundi pamoja. Na kama mmoja bado yuko kwenye eneo la mafunzo, hakuna njia isipokuwa amalize.

Umekufa na mali haionekani

Jifunze sheria ya kifo ya mchezo wako kabla hujaihitaji. Katika World of Warcraft hupotezi vitu, lakini mavazi yanayovaliwa huchakaa kwa asilimia 10 kila unapokufa, na ukimwomba mzimu mponyaji akufufue badala ya kuirudia maiti, uchakavu huwa mkubwa zaidi. Mavazi yaliyochakaa kabisa hayakingi, kwa hiyo mtu aliyekufa mara nyingi bila kupita kwa fundi anaweza kuwa anapigana kana kwamba yuko uchi na bado asielewe kwa nini mapambano yamekuwa magumu.

Katika Old School RuneScape unabaki na vitu vitatu vyenye thamani kubwa na vingine huwekwa kwenye kaburi lako kwa dakika 15. Rudi moja kwa moja. Kaburi hilo halihusu kuuawa na mchezaji mwenzako ndani ya Wilderness, eneo la kaskazini ambako wachezaji wanaweza kuuana na aliyekuua huchukua ulichokiacha. Usiingie huko na kitu ambacho utakililia.

Dhahabu imeisha, au umetapeliwa

Dhahabu ya mgeni huishia kwa wauza silaha wa mjini. Silaha zao mara chache huzidi zile zinazotolewa bure kama malipo ya misheni, kwa hiyo subiri. Katika World of Warcraft vitu vyenye jina la kijivu havina kazi nyingine zaidi ya kuuzwa. Viuze vyote kila unapopita mjini.

Utapeli ni mada nyingine, na hapa sina huruma na wanaosema ni sehemu ya mchezo. Anayeahidi kuzidisha dhahabu yako mara mbili ataurudisha mkopo mdogo na kuondoka na mkubwa. Anayejitolea kukutia nakshi deraya yako katika RuneScape anadanganya, kwa kuwa hakuna stadi inayofanya hivyo. Anayekualika umfuate Wilderness kupata zawadi ana wenzake wanaosubiri. Wakati wa kubadilishana vitu, skrini ya pili ya uthibitisho ipo ili uisome, kwani matapeli hubadilisha kitu kwenye skrini ya kwanza dakika ya mwisho. Nenosiri halitaombwa na mfanyakazi yeyote halali kwenye gumzo. Washa uthibitishaji wa hatua mbili siku ileile unayofungua akaunti. Kununua dhahabu kwa wauzaji wa mitaani huweza kufunga akaunti yako moja kwa moja.

Kundi linakufokea

Katika pango la kundi kila mtu ana wajibu: mlinzi hushika hasira za madubwana, mponyaji huwatibu wenzake, na wengine hupiga. Dubwana humshambulia anayelitia hasira zaidi, na hasira hutokana na mapigo na tiba. Mgeni anayepiga kabla mlinzi hajaligusa hujivutia dubwana mwenyewe, mponyaji analazimika kumtibu mtu ambaye hakumtarajia, na kundi zima linaporomoka. Ngoja mlinzi apige kwanza, piga dubwana lilelile analolipiga yeye, na usitangulie mlangoni. Kama wewe ndiye mponyaji na unashambuliwa, mkimbilie mlinzi, usimkimbie.

Mengi ya makelele hayo huepukwa kwa kusema mwanzoni kwamba pango hilo hujawahi kuliingia. Katika Final Fantasy XIV mgeni huwa na alama ya mche wa kijani kando ya jina lake, na asiyewahi kulimaliza pango akiwemo kundini, wenzake hupewa malipo ya ziada wanapofika mwisho, kwa hiyo wana sababu ya kukungoja.